Bernier alikaa kwa nini? Kiapo, damu na ardhi katika tenzi za kale za Ufaransa

Swali: "Nasoma fasihi ya Kifaransa chuoni na nimefika katikati ya utenzi uitwao Raoul de Cambrai. Raoul anaiteketeza monasteri ya Origny, mama yake Bernier anafia humo, na Bernier anaona kwa macho yake. Hata hivyo haachani na Raoul, bwana wake, mpaka anapopigwa kichwani kwa kipande cha mti. Je, kipigo kina uzito kuliko mama? Halafu, mbona tenzi hizi zinarudia jambo moja mara mbili au tatu, kana kwamba mtunzi kasahau alichokwisha kusema? Nianzie wapi ili nizielewe?"

Jibu: Hapana, kipigo hakina uzito kuliko mama. Kwa Bernier, mama ndiye sababu ya kuondoka na kipigo ndicho kinachompa haki ya kuondoka, na katika tenzi hizi mambo hayo mawili hayachanganywi. Waliozisikiliza katika karne ya 12 walikuwa watu wa kesi za ardhi, viapo na wadhamini. Kila panapotokea ugomvi walijiuliza nani anamdai nani nini, na nani wa kwanza kuvunja ahadi. Nawe ukiuliza hivyo, mengi yanayoonekana ya kichaa yataanza kueleweka.

Tuanze na Bernier mwenyewe. Ni mwana wa nje ya ndoa wa Ybert de Ribemont, mmoja wa wana wanne wa Herbert wa Vermandois. Amelelewa nyumbani kwa Raoul, na Raoul ndiye aliyemvisha upanga akawa mpanda farasi kamili. Kwa hiyo kwa damu ni wa Vermandois, kwa kiapo ni wa Cambrai. Herbert anapofariki, Raoul anadai ardhi yake, na Bernier anajikuta anaandamana na jeshi linalokwenda kumnyang'anya baba yake na ami zake.

Kabla ya moto kuna mazungumzo mafupi ambayo wasomaji wengi huyapita haraka, na ndiyo yanayojibu swali lako. Marsent, mama yake, ndiye mkuu wa watawa wa Origny. Anashangaa kumwona mwanawe upande wa wavamizi. Bernier anamjibu kwamba Raoul, bwana wake, ni mwovu kumshinda Yuda; lakini ni bwana wake, anampa farasi, mavazi, silaha na hariri za Baghdad, na hatamwacha hata kwa milki yote ya Dameski mpaka siku watu wote watakaposema, "Bernier, una haki." Mama anamwambia ana haki kweli: mtumikie bwana wako, utampata Mungu. Yaani mama atakayechomwa ndiye aliyemwidhinisha mwanawe abaki. Rudi kwenye sharti lile la "mpaka watu wote waseme". Bernier hangoji ujasiri umjie. Anangoja kosa ambalo hakuna shahidi atakayelibishia.

Kosa hilo lilikuwa na vipimo. Karibu mwaka 1020, Askofu Fulbert wa Chartres alimwandikia Guillaume V, mtawala wa Aquitaine, barua iliyoeleza mtu aliyekula kiapo anapaswa kukumbuka mambo 6: asidhuru mwili wa bwana wake, asitoe siri zake wala ngome zake, asiharibu haki na heshima yake, asiharibu mali yake, na katika mema ambayo bwana angeweza kuyafanya, asifanye lililo jepesi kuwa gumu, wala linalowezekana lisiwezekane. Kisha Fulbert akaongeza sentensi ambayo tenzi nyingi za uasi zimejengwa juu yake: bwana naye anadaiwa hayo hayo kwa mtu wake. Jambo la kwanza katika orodha ni mwili. Bwana akimpiga mtu wake akamtoa damu, hasa mbele ya watu, amevunja mkataba kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa rudi Origny. Raoul alikuwa amefanya mapatano na Marsent asiiguse monasteri. Watu wake watatu wakaenda kupora mjini, wawili wakauawa na wenyeji, wa tatu akarudi na habari. Raoul akashambulia kwa hasira na mji ukawaka moto pamoja na kanisa. Bernier anamwona mama yake amelala, kitabu cha Zaburi kikiwaka juu ya kifua chake. Kisheria, hata hivyo, Raoul ana la kujitetea: alikuwa vitani, katika ardhi ya adui, akilipiza watu wake. Ni utetezi mbovu, na mtunzi anatuonyesha ubovu wake kwa kumfanya Raoul, moshi haujaisha, aagize nyama siku ya Ijumaa Kuu, na anapokanywa aitishe ubao wa sataranji. Lakini bado ni utetezi, na watu wasingesema kwa sauti moja kwamba Bernier ana haki.

Ndipo majibizano yanapoanza. Bernier analalamikia mama yake, Raoul anamtukana kwa kuzaliwa nje ya ndoa, kisha anaokota kipande cha mkuki na kumpasua kichwa. Damu inamwagika mbele ya mashahidi. Sharti limetimia.

Raoul akitulia anatambua alichofanya, na fidia anayotoa ni nzito ajabu. Kutoka Origny hadi Nesle, mwendo wa lieue 14 kwa kipimo cha zamani cha Ufaransa, wapanda farasi 100 watatembea kwa miguu, kila mmoja amebeba tandiko lake kichwani. Raoul mwenyewe atabeba tandiko la Bernier, na kila mtumishi na kila msichana atakayekutana naye njiani, Raoul atamwambia, "Hili ni tandiko la Bernier." Kwa bwana wa cheo chake hiyo ni kujishusha hadharani hadi chini kabisa, na wote waliopo wanaona inatosha. Bernier anakataa. Atapatana naye, asema, siku damu hii nyekundu itakapopanda yenyewe na kurudi kichwani. Kwa maoni yangu hapa ndipo utenzi huu unapofikia kilele chake, kwa sababu haki inahama mbele ya macho yetu. Sekunde moja kabla, Bernier alikuwa na haki yote. Akishakataa fidia halali, naye anaanza kubeba sehemu ya lawama. Ndiyo maana atakapomuua Raoul vitani hatafurahi, na ndiyo maana vita vitarithiwa na Gautier, mpwa wa Raoul, ambaye wakati huo ni mtoto.

Usimwache Raoul nje ya hesabu hii. Alizaliwa baba yake, Raoul Taillefer, amekwisha kufa. Mfalme Louis, ndugu wa mama yake Aalais, akaigawa Cambrai kwa Gibouin le Mancel wakati mwenye haki yu kitoto. Raoul alipokua, ami yake Guerri le Sor akamchochea adai urithi. Mfalme hakutaka kumvunjia Gibouin ahadi, akamwahidi Raoul badala yake ardhi ya bwana yeyote atakayefuata kufa, na akatoa wadhamini. Aliyefuata kufa alikuwa Herbert, mwenye wana wanne wazima. Dhuluma aliyotendewa Raoul ndiyo anayokwenda kuwatendea wengine, kwa idhini ya mfalme yule yule. Mama yake alimsihi asiende, Raoul akamjibu kwa matusi, na mama akamlaani. Laana hiyo anaijutia papo hapo, lakini imekwisha kutoka mdomoni.

Angalia pia nani ni nani kwa nani. Mjomba na mpwa ndio uzi mkuu wa ukoo katika tenzi hizi. Roland, shujaa wa Wimbo wa Roland, ni mpwa wa Mfalme Charlemagne kwa dada yake. Raoul ni mpwa wa mfalme. Gautier ni mpwa wa Raoul. Mjomba anatarajiwa kumlinda mwana wa dada yake hata kuliko mwanawe, kwa hiyo msikilizaji wa karne ya 12 alipoambiwa mfalme kamnyima mpwa wake urithi, alijua papo hapo kosa limeanzia wapi. Baba, kwa upande wake, mara nyingi ama amekufa, ama hayupo, ama yuko upande wa pili.

Baba wa upande wa pili utampata katika utenzi wa wana wanne wa Aymon, uitwao pia Renaud de Montauban. Renaud anagombana na mpwa wa Charlemagne kwenye mchezo wa sataranji na kumuua kwa ubao wenyewe. Ndugu wanne wanakimbilia msitu wa Ardennes, na Aymon, baba yao, amekula kiapo kwa Charlemagne, hivyo lazima apigane na wanawe. Baadaye Montauban, ngome ya hao ndugu, inazingirwa, na wanawe wanakufa njaa ndani. Aymon amepangiwa mtambo wa kurushia mawe. Anaujaza chakula, anakirusha ndani ya ngome. Kwa kiapo yuko kazini, mtambo unarusha; kwa damu, wanawe wanakula. Sijui sehemu nyingine katika tenzi hizi ambapo mgongano wa ukoo na utii umeonyeshwa kwa tendo moja dogo namna hiyo.

Mtu wa kulinganisha na Bernier ni Ganelon katika Wimbo wa Roland. Wengi humjua kama msaliti tu, wakashangaa kwa nini kesi yake inachukua nafasi kubwa mwishoni. Ganelon ni baba wa kambo wa Roland. Roland anampendekeza awe mjumbe kwa adui yao, Mfalme Marsile wa Saragossa, ambaye wajumbe waliotangulia, Basan na Basile, aliwakata vichwa. Ganelon analichukulia kama njama ya kumuua, na hapo hapo, mbele ya Charlemagne, anatangaza uadui kwa Roland, rafiki yake Oliver na wenzao. Kwa hiyo kesini hakani alichofanya. Anasema: nililipiza kisasi, sikusaliti, kwani nilitangaza hadharani. Majaji wengi wako tayari kumwachia, kwa sababu hoja ina nguvu na kwa sababu wanamwogopa Pinabel, jamaa yake mwenye upanga. Ni Thierry peke yake, mtu mwembamba asiyetisha, anayepata jibu: hata kama Roland alimkosea Ganelon, Roland alikuwa katika kazi ya mfalme, na kazi hiyo ilipaswa kumkinga. Pambano la hukumu linafanyika, Thierry anamuua Pinabel, Ganelon anararuliwa na farasi wanne, na jamaa 30 waliomdhamini wananyongwa wote. Kumdhamini ndugu kulikuwa kuweka shingo yako rehani, na utenzi hausiti kudai malipo.

Sasa marudio. Mtunzi hajasahau chochote. Tenzi hizi, ambazo Wafaransa huziita chanson de geste, hazina beti za urefu mmoja kama utenzi wetu wa vipande vinne vya mizani 8. Zimegawanywa katika mafungu, kwa Kifaransa laisse, na fungu laweza kuwa na mistari 5 au 100. Mstari wa kawaida wa zile za mwanzo una mizani 10, ukwapi wa 4 na utao wa 6. Katika tenzi za zamani kama Roland, kinachoifunga mistari ya fungu moja ni irabu ya mwisho yenye mkazo; konsonanti zinaweza kutofautiana. Irabu ikibadilika, fungu jipya limeanza. Karibu mwaka 1300, Johannes de Grocheio, mwandishi wa elimu ya muziki, aliandika Paris kwamba nyimbo hizi zinafaa kuimbiwa wazee, wafanyakazi na watu wa hali ya kawaida wanapopumzika, na kwamba lahani moja fupi hurudiwa kila mstari. Fikiria saa nzima ya lahani moja: kinachomwamsha msikilizaji ni irabu mpya.

Mtunzi hulitumia badiliko hilo kusimamisha saa. Chukua mafungu 83 hadi 85 ya Roland. Adui wanakuja, kikosi cha nyuma kina watu 20,000, na Oliver anamsihi Roland apige baragumu Charlemagne arudi. Ukisoma kama habari, utadhani amemwomba mara tatu na kukataliwa mara tatu. Ni tukio moja lililotazamwa mara tatu kwa irabu tatu, na majibu hayafanani. Katika la kwanza Roland anasema angekuwa mpumbavu, angepoteza sifa yake katika Ufaransa tamu. Katika la pili, Mungu apishe jamaa zangu walaumiwe kwa ajili yangu, na Ufaransa idhalilike. Katika la tatu, asije mtu yeyote aliye hai kusema nilipiga baragumu kwa ajili ya wapagani. Jamaa zangu hawatasutwa kwa hilo. Ukoo unaingia katika fungu la pili na kubaki ndani ya la tatu. Huko ndiko marudio yanakokupeleka: kila fungu linaongeza mdai mmoja. Soma mafungu yanayofanana kwa kuyaweka kando kwa kando na kupigia mstari maneno mapya tu. Fanya vivyo hivyo kwenye mafungu 171 hadi 173, Roland anapojaribu kuuvunja upanga wake Durendal juu ya mwamba.

Makosa mawili huwaharibia wasomaji wapya. La kwanza ni kuzisoma kama historia. Tarehe 15 Agosti 778 nyuma ya jeshi la Charlemagne ilishambuliwa katika milima ya Pyrenees, lakini Einhard, aliyeandika maisha ya Charlemagne katika karne ya 9, anasema washambuliaji walikuwa Wabaski, na Roland anamtaja kwa jina tu kama mkuu wa mpaka wa Bretagne. Utenzi, uliotungwa karibu mwaka 1100, umewageuza Wabaski kuwa jeshi la Waislamu. Raoul naye ana kiini cha kweli: Flodoard wa Reims, mwandishi wa matukio ya zama hizo, aliandika kwamba mwaka 943, Herbert wa Vermandois alipofariki, Raoul mwana wa Raoul de Gouy aliivamia ardhi ya wanawe nao wakamuua. Ni hayo tu. Bernier, Marsent na tandiko ni kazi ya watunzi.

La pili linahusu hao Waislamu. Msomaji wa pwani atashtuka kuona wanaabudu sanamu za Mahomet, Apollin na Tervagant, miungu mitatu. Ni uongo mtupu, na usipoteze muda kutafuta chembe ya elimu ya dini humo. Watunzi waligeuza kanisa lao kichwa chini wakaliita dini ya adui. Jambo lenye faida zaidi ni kutazama jinsi jeshi la Marsile lilivyopangwa: lina mabwana, viapo, wapwa na watu mashuhuri 12 kama la Charlemagne. Watunzi walijua namna moja tu ya jamii ya kivita, wakaigawia pande zote mbili.

Kuhusu pa kuanzia, weka Raoul kando kwa wiki mbili. Soma Roland yote, mistari kama 4,000, katika chapa yenye Kifaransa cha kale kushoto na cha leo kulia, na usome angalau mafungu 10 kwa sauti upande wa kushoto. Kifaransa chako kitakutosha kusikia irabu hata usipoelewa kila neno. Nakala iliyo maarufu, ile ya Oxford, ni ya robo ya pili ya karne ya 12.

Kisha soma Le Charroi de Nîmes, mistari kama 1,500 tu. Hii ndiyo ufunguo wa Raoul, na nasikitika walimu wengi huiruka. Inaanza na tatizo lile lile: Mfalme Louis amegawa ardhi, amemsahau Guillaume aliyempigania. Guillaume anamjia juu, na mfalme aliyebanwa anampa ardhi za mabwana waliokufa wakaacha watoto wadogo. Guillaume anakataa moja baada ya nyingine. Hatamnyang'anya yatima, na atakayethubutu atakutana na upanga wake. Anaomba badala yake Nîmes na Orange, miji iliyo mikononi mwa adui, na Nîmes anaiteka kwa kuwaficha watu wake ndani ya mapipa juu ya mikokoteni huku yeye amevaa kama mfanyabiashara. Ahadi ambayo Raoul aliipokea ndiyo Guillaume aliyoikataa. Ukirudi Origny baada ya hapo utajua ni mlango gani Raoul angeweza kuupita.

Unaporudi, chora ukoo kwenye karatasi kabla ya kufungua ukurasa. Tumia mstari mzima kwa damu, mstari wa nukta kwa kiapo, na alama ya msalaba kwa kila kiapo kilichovunjwa, na namba ya fungu kando yake. Wana wanne wa Herbert watakuchanganya bila mchoro huo, na Guerri utamsahau umuhimu wake, ilhali ndiye anayeishi hadi mwisho. Baada ya mistari 5,500 na kitu utasikia lugha imebadilika: vina kamili vinakwisha na irabu pekee inabaki. Ni mwendelezo wa mkono mwingine, wenye safari, utekwaji na ndoa, mwepesi kuliko mwanzo. Nusu yake unaweza kuipitia haraka. Lakini usiache mwisho. Bernier amekwisha kumwoa binti wa Guerri, na wawili hao wanarudi kutoka hija ya Mtakatifu Yakobo. Wanapita mahali Raoul alipouawa, Bernier anashusha pumzi na kumtaja. Guerri anafungua kikuku cha tandiko lake polepole na kumpiga mkwewe kichwani hadi kufa. Kwenye mchoro wako, mstari wa ndoa kati ya hao wawili uweke kwa penseli.